Mvivu wa Jioni

Futa mafuta kwanza. Kabla ya mashine, kabla ya nyaya, kabla hujaanza kuhangaika na lile jina refu la ugonjwa aliloandika daktari, chukua pamba, chukua spiriti, futa mafuta. Mkisahau yote nitakayosema hapa, hilo moja mlishike, maana mimi sijawahi kumwona mtu wa Morogoro aliyekuja hospitali akiwa amepauka. Atakuja na mguu usiomtii, atakuja amebebwa na vijana kwenye machela ya miti kutoka huko juu mlimani, lakini mafuta atakuwa amejipaka, tena ya kujaza kiganja, anang'aa mpaka unajiona usoni kwake. Kuja hospitali umepauka ni kuwaaibisha waliokuleta. Na kibandiko cha mashine hakishiki kwenye ngozi ya mafuta. Kinateleza, waya unaning'inia, mashine inapiga kelele, na nyie watoto wa siku hizi mnaanza kubonyeza kompyuta mkidhani tatizo liko huko.

Kufuta nako kuna adabu yake. Usimwambie mtu, "Umejipaka mafuta mengi." Niliwahi kumwambia hivyo mama mmoja wa Mlali, akanitazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Kwa hiyo ulitaka nije kama nimetoka kuchimba mtaro?" Akasusa, akakunja kanga yake, akaondoka, na ilibidi nimkimbilie mpaka getini kumbembeleza. Tangu siku ile nilikuwa nasema, "Mama, umependeza kweli. Niazime kipande kidogo tu cha mkono, kwingine kote kutabaki hivyo hivyo." Hapo anacheka mwenyewe na mkono ananyoosha.

Jina langu la kitambulisho mnalijua wachache. Pale hospitali nilikuwa Mama Nyaya, basi. Binti yangu Zuhura siku moja alikuja kuniletea chakula, mlinzi akamuuliza, "Wewe ndiye Nyaya mwenyewe?" Mtoto alinuna wiki nzima. Sasa nimestaafu, nakaa zangu Mafiga, napalilia mchicha uani, na bado nikipita mtaani nasikia, "Shikamoo Mama Nyaya!" Naitikia marahaba. Ningefanyaje?

Kipimo chenyewe ni hivi, kwa ambaye hajawahi kukiona. Msuli wowote ukifanya kazi hutoa umeme, kidogo mno, hauwashi hata taa ya tochi. Tunabandika vibandiko juu ya ngozi, hakuna sindano, hakuna kukata, na mashine inausikiliza ule umeme na kuuchora kwenye skrini. Ina spika pia. Msuli ukipumzika, kimya. Mgonjwa akikunja ngumi, spika inanguruma kama mvua kwenye bati. Mwenye ugonjwa wa misuli au wa neva, mvua yake inanyesha vingine, na daktari anajua kuisoma. Hiyo ndiyo kazi ya kusikiliza. Ipo na kazi ya pili, ya kubisha hodi, nitaifikia, maana hiyo ndiyo iliyonikutanisha na Mzee Kibwana.

Lakini watu wakisikia neno umeme wanaanza kutafuta mlango uko wapi. Bibi mmoja nilimweleza vizuri kabisa, nikamwambia bibi, mashine haikupi umeme, inausikiliza wa kwako uliomo mwilini. Akanicheka. "Mwanangu, kwangu hata nguzo haijafika. Huo wa mwilini nilivutiwa lini?" Akamgeukia mjukuu wake: "Na luku yake ananunua nani?" Nikaona bora nimwache acheke, maana mtu anayecheka misuli yake imetulia, na kazi ikaenda.

Halafu kuna neno mshipa. Jamani, hili neno! Sisi Waswahili ni matajiri wa maneno, lakini hapa sijui tulipatwa na ubahili gani. Inapopita damu, mshipa. Neva, mshipa. Kano, mshipa. Na yale maradhi ya wanaume ya huko chini, ambayo wenyewe hawayataji mbele ya wanawake, nayo ni mshipa. Mimi nilikuwa bado mgeni kazini, najiona mtaalamu, akaletwa mzee mmoja kutoka Kisaki, vumbi la njiani mpaka kwenye kope. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeisha nguvu, kikombe hashiki. Nikamsalimia, nikamketisha, nikavaa glavu, nikasema kwa sauti ya kisomi, "Haya mzee wangu, leo nataka nikupime mshipa."

Mzee akasimama wima. Akaushika mkanda wa suruali kwa mikono yote miwili, ule mzima na ule mgonjwa, na nawaambieni, siku ile mkono mgonjwa haukuonyesha udhaifu wowote.

"Binti," akasema, "mimi nimeletwa kwa ajili ya mkono. Huko kwingine sijamlalamikia mtu. Niitie mwanaume mwenzangu."

Mwanaume mwenzake alikuwa nje ya mlango, amejishika tumbo kwa kicheko. Ndiye Mzee Sefu, aliyenifundisha kazi hii, Mungu amrehemu. Alipomaliza kucheka aliniambia, "Sema neva. Asipoijua neva, usitafute neno jingine. Mguse pale pale mkononi kwake umwonyeshe kwa kidole, kisha unyamaze." Nimefanya hivyo mpaka nastaafu.

Mzee Sefu alianza na mashine kubwa kama kabati la vyombo, yenye vifundo vya kuzungusha, ikitoa karatasi ndefu inayotambaa sakafuni. Vibandiko vya siku hizi vya kubandua na kutupa havikuwepo. Walikuwa na visahani vya chuma, wanavipaka dawa nzito kama uji wa ulezi, wanavibana na plasta. Lakini mikono yake ilikuwa na maarifa ambayo hayamo kwenye kompyuta zenu. Kwa mfano, msuli uliokaza hausomeki, lazima mgonjwa aulegeze. Sasa mwambie mwanaume wa Uluguru, aliyezoea kupanda mlima na gunia la viazi mgongoni, mwambie "legea" uone. Atakukazia mpaka meno. "Mimi silegei, dada. Kwetu hatulegei." Mzee Sefu hakuwahi kulitamka neno hilo. Alikuwa anauchukua mkono wa mgonjwa kwa viganja vyake viwili, taratibu, anasema, "Huu niachie mimi, nikubebee kidogo." Ungeona! Mkono ulikuwa unashuka wenyewe, mzito, umetulia. Kila mtu anakubali kubebewa.

Ngoja niwape na kituko cha birika, halafu tuendelee. Kuna kipindi kila ikikaribia mchana mashine ilianza kuvuma, vuuu, mawimbi yamejaa skrini nzima, awe mtoto, awe mzee, wote wagonjwa wa ugonjwa ule ule. Tukabadilisha nyaya. Tukamwita fundi, akafungua, akafunga, akakuna kichwa. Kumbe chumba cha pili manesi walikuwa na birika la umeme la chai, na soketi yao ilikuwa mgongoni mwa soketi yetu. Wakilichomeka, nasi tunapima birika. Nilikwenda pale nimevimba kwa hasira, wakanipa chai ya tangawizi na kitumbua, hasira ikaisha. Tulipatana kwamba nikigonga ukuta, wanachomoa. Kumbukeni hilo birika.

Sasa Mwanaidi.

Alikuja mwezi wa saba, ule wakati ukungu unakaa mlimani mpaka jua limepanda. Mama wa makamo, mkulima wa karoti, mwembamba, mwenye tenga kichwani. Ndiyo, aliingia na tenga kichwani mpaka kwenye korido ya hospitali, karoti zimejaa na udongo wake, akainama kidogo tu kupita mlangoni bila hata kushika kwa mkono. Nyuma yake alikuja mzee wa kofia ya kufuma na koti zito, mkononi mwavuli, hakuna kingine.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Ndiye wewe Mama Nyaya?"

"Ndiye mimi."

"Vizuri. Mimi ni Kibwana, mjomba wa huyu. Mpime mpwa wangu, utuambie ni mgonjwa ama ni mvivu. Mimi jibu langu ninalo. Lakini daktari kasema mashine nayo ina jibu lake."

Daktari mwenyewe alikuwa Daktari Neema, binti mdogo kutoka Mbeya, mwenye subira ya kumsikiliza mgonjwa mpaka mwisho wa sentensi. Alikuwa ameshamshuku Mwanaidi kuwa na ugonjwa fulani wa neva kushindwa kuuamuru msuli, akataka tuhakikishe.

Nyie mnaotoka mikoa mingine lazima niwaeleze. Kwa Waluguru ardhi inafuata ukoo wa mama, na mwenye sauti ni mjomba. Baba anaweza kuwa na maneno yake, lakini mjomba akikohoa watu wananyamaza. Mwanaidi alikuwa na shamba la ukoo, la bondeni, karibu na kijito, shamba la karoti za mwaka mzima. Sasa ukoo ulikuwa unamwona mwaka ule anaanza palizi hamalizi, anaketi chini kabla ya jua kuzama, majani yanapanda. Kikao kilikuwa kimeitishwa Ijumaa baada ya swala. Mzee Kibwana alikuwa amekwisha sema atakachosema: shamba la ukoo halikai kwa mvivu, apewe binamu yake.

Mjomba alipotoka kidogo kufunga mwavuli wake, Mwanaidi aliniambia kwa sauti ya chini, "Mama, nikisimama hawaamini naumwa, nikianguka wanasema najiangusha. Hivi shamba likienda, wanangu watakula nini? Mimi sina lingine." Hakulia. Alisema tu, kisha akaanza kuchambua karoti moja udongo kwa kucha.

Nikamlaza, nikamfuta mafuta, nikabandika vibandiko kwenye msuli wa kidole cha mwisho, pale ubavuni mwa kiganja. Mzee Kibwana akarudi, akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Mzee," nikamwambia, "hapa kwenye kifundo cha mkono inapita neva. Mashine itaigonga kidogo juu ya ngozi, anasikia kama mpira umemfyatukia. Ile ni hodi. Msuli wa kidole unaruka kidogo, ile ni karibu. Tunabisha hodi kumi mfululizo, tunaangalia kama tunaitikiwa kwa sauti ile ile."

"Kumi!" Mzee alishtuka kweli. "Mtu mstaarabu anabisha hodi tatu, asipoitikiwa anakwenda zake. Hii mashine imelelewa na nani?"

Mwanaidi alicheka, mimi nikacheka, na nikabonyeza. Tap, tap, tap. Kidole kikaruka, kikaruka, kikaruka. Kwenye skrini yakasimama mawimbi kumi, yote kimo kimoja, kama wanafunzi wamepangwa mstarini na mwalimu mkali. Nikarudia. Yale yale.

Mzee Kibwana hakuhitaji kutafsiriwa. "Zote zimeitikiwa?"

"Zimeitikiwa, mzee."

"Si nilisema? Mzima! Mzima wa afya, isipokuwa uvivu." Akasimama kushika mwavuli. Mwanaidi aligeuza uso ukutani. Moyo uliniuma, siwafichi, lakini mawimbi ndiyo hayo, siwezi kuchora yangu.

Na hapo hapo, angeondoka kimya, mambo yangekwisha vibaya. Lakini Mzee Kibwana alikuwa mtu wa kushinda kesi na bado akaendelea kuhutubia. Akaanza kunihesabia makosa ya mpwa wake, mkono mmoja hewani.

"Tena uvivu wake una ratiba, Mama Nyaya! Asubuhi huyu analima kuliko wanaume, namsifu mbele za watu. Mchana ukiingia, jembe linamshinda. Jioni ndiyo usiseme. Kope zinalala, anaongea puani kama ana mafua, chakula anatafuna huku kajishikilia taya kwa mkono, nyama ya kuku inamshinda, ya kuku! Na mke wangu kamchunguza, maana wanawake mnajuana. Kamwambia huyu afue mtoni, kwenye yale maji yetu ya barafu, anafua zake anafua na za jirani. Mpe maji ya moto aoshe sufuria, vyombo vinamponyoka. Sasa niambie wewe uliyesoma, ugonjwa gani unachagua maji?"

Niliacha kukusanya nyaya.

"Mzee, rudia."

"Nirudie nini?"

"Hilo la maji."

Akarudia, kwa fahari, akidhani maneno yake yamenikolea. Nikamshika Mwanaidi kiganja. Jamani, kilikuwa cha baridi kama samaki wa kwenye jokofu! Ametembea kutoka mlimani alfajiri ndani ya ukungu, ameshika ukingo wa tenga kila njia inapoteremka vibaya, kisha akaketi kwenye benchi letu la saruji akipumzika mpaka zamu yake. Na Mzee Sefu alinifundisha, na vitabu vinasema hivyo hivyo, kwamba ugonjwa ule aliomshuku Daktari Neema hujificha kwenye mkono wa baridi na kwa mtu aliyepumzika. Mpashe moto, mchoshe, ndipo utajitokeza. Mzee Kibwana alikuja kama shahidi wa mashtaka, kumbe ameshamaliza kazi ya utetezi, na mwenyewe hana habari.

Nikampigia Daktari Neema, nikamweleza. Hakungoja nimalize. "Mama, usimwache arudi mlimani! Apite huko sokoni, auze, achoke, arudi mchana. Nakuja mwenyewe."

"Mzee," nikamwambia Mzee Kibwana, "mashine inaomba imbishie tena mchana."

"Si imeshaitikiwa?"

"Ilibisha asubuhi, mzee. Wewe mwenyewe umesema uvivu wake una ratiba."

Alinitazama sana. Neno lake mwenyewe, angelikataaje?

Walirudi jua limeshapinda, na aliyerudi hakuwa mwanamke wa asubuhi. Tenga lilikuwa limebadilisha mzigo, unga, chumvi, sabuni, na dumu la mafuta ya taa, na safari hii alikuwa amelishika kwa mikono miwili, shingo inatetemeka. Kope ya kushoto ilikuwa imeshuka nusu ya jicho. Aliponisalimia, shikamoo ilitokea puani. Mjomba alikuwa hatua tatu nyuma na mwavuli wake, na sura ya mtu anayesema, haya, imeanza michezo ya jioni.

Nikagonga ukuta. Manesi wakachomoa birika, halafu, kwa kuwa niliwaomba, wakaniletea na yale maji ndani ya beseni, nikayapooza mpaka ya uvuguvugu. Lile birika lililonitesa miaka yote! Nikamwambia Mwanaidi atumbukize mikono. Daktari Neema akaingia, akamwamkia mzee, akasimama pembeni.

"Mzee," nikasema, "tunaanza na wewe."

"Mimi siumwi."

"Ndiyo maana nakutaka."

Mwanaume kuogopa mbele ya mpwa wake haiwezekani, akavua koti. Nikamfuta mafuta, ya nazi, mengi, nikamsifia kwanza. Nikamshika mkono kama nilivyofundishwa, nikamwambia, "Huu niachie mimi nikubebee." Ukashuka. Hodi kumi: alirusha kichwa kwenye ya kwanza, akasema "Astaghfirullah" kwenye ya pili, ya tatu akaizoea. Mawimbi kumi, kimo kimoja.

"Umeona?" akamwambia Daktari Neema. "Huo ndio msuli."

Kisha Mwanaidi. Mikono imeshapata joto. Nikamwambia akisukume kidole cha mwisho kwenye kiganja changu kwa nguvu zake zote, asiache mpaka nimwambie. Alisukuma mpaka jasho likamtoka puani. Tukasubiri kidogo, hiyo nayo msiisahau, msiwe na haraka zenu, uchovu wenyewe huchelewa kufika. Nikabonyeza.

Wimbi la kwanza likasimama refu. La pili fupi. La tatu fupi zaidi. La nne lilikuwa limechuchumaa.

Mzee Kibwana alikuwa ameinama mpaka pua inakaribia kugusa skrini.

"Hodi ya nne hajaiitikia vizuri," akasema. "Rudia."

Nikarudia. Ngazi ile ile, inashuka.

"Mwanaidi," sauti yake ilikuwa imepungua makali, "unafanya makusudi?"

"Mjomba, mimi nimelala tu. Mkono wanao wao."

"Hapa hakuna makusudi, mzee," nikamwambia. "Mashine inabisha kwenye neva moja kwa moja. Mwenye nyumba haulizwi. Angetaka kuitikia asingeweza, angetaka kukataa asingeweza."

Daktari Neema akavuta kiti, akaketi chini kidogo ya mzee, kama anavyotakiwa binti, akamweleza. Kwamba neva inapeleka amri, lakini pale inapokutana na msuli amri haipokelewi sawasawa, mtu akifanya kazi inazidi kupotea, akipumzika inarudi kidogo, na baridi huisaidia. Akalitaja lile jina refu, mzee akaliacha lipite kama upepo. Akasema vidonge vipo, ataanza navyo wiki ile, vitampunguzia sana, ingawa hatakuwa wa kufanya kazi za kuchosha mchana kutwa.

Mzee Kibwana alikaa na mikono magotini. "Kwa hiyo umeme anao," akasema.

"Anao."

"Ila jioni unakatika."

"Ndiyo, mzee."

"Kumbe ni mgao." Akatikisa kichwa. "Mgao! Na mimi mwaka mzima naigombeza taa."

Mwanaidi alilia sasa. Alilia na kope yake moja imelala, akajaribu kujifuta kwa mkono ambao haukufika usoni, nikamfuta mimi kwa ile ile pamba yangu. Akaniuliza, "Kwa hiyo, mama, mimi si mvivu?" Nikamwambia, "Si mvivu, mwanangu. Hujawahi kuwa." Nami nikalia, tena kwa furaha. Kazi yetu ni ya ajabu, wajukuu zangu. Kuna siku unampata mtu anaumwa kweli, na unataka kupiga vigelegele.

Niliwasindikiza mpaka nje, maana nilitaka kumtwisha lile tenga. Mwanaidi akatandua kanga yake ya juu, akaizungusha kuwa ngata, akainama.

"Acha," akasema mjomba.

Tukamtazama. Alivua kofia yake, akaikunja vizuri, akaitia mfuko wa koti. Mzee wa heshima zake, mwenye kuita vikao, akainamisha kichwa chenye mvi mbele ya mpwa wake.

"Niwekee hiyo ngata. Sijui inakaaje."

"Mjomba, watu watakucheka."

"Weka, mtoto!"

Akamwekea, huku anacheka na machozi hayajakauka. Tukamtwisha, mimi upande mmoja, Daktari Neema upande mwingine. Mzee akayumba, akajirekebisha, akalikumbatia tenga kwa mikono miwili, hajui hata wanawake wanaachiaje mikono. Mwavuli akampa Mwanaidi.

Getini walikutana na mtu wa kijijini kwao, mwenye baiskeli, ambaye karibu aanguke nayo. "Mzee Kibwana! Kulikoni? Wanawake wameisha mlimani?"

Mzee hakuweza kugeuza shingo, akamjibu akiwa ametazama mbele, kwa sauti ambayo korido nzima iliisikia.

"Mimi nimepimwa! Umeme wangu haukatiki. Wa Mwanaidi unakatika jioni, kwa hiyo jioni nabeba mimi. Na waambie Ijumaa wasikose. Shamba ni lake, tunakutana kupanga zamu za kumwagilia."